Kovu la Fuwele: Madhara ya Mnururisho katika Vigunduzi vya Nusu-Kipitishi

1. Utangulizi

Redio inaponyamaza ghafla, mwenyewe mjini Uvira husema kwamba imeungua. Simu isiyowaka imeungua. Bamba la jua lisilotoa umeme limeungua. Taa ya mvuvi iliyozimika ziwani nayo imeungua. Kauli hiyo inatosha kwa mazungumzo ya nyumbani na ya sokoni, kwa kuwa vyombo vingi vya umeme huharibika kweli kwa kuunguzwa na mkondo uliozidi kiasi. Inapoingizwa darasani, hata hivyo, huficha jambo muhimu. Vipo vyombo vya umeme ambavyo huharibika bila kuungua, bila kutoa moshi, bila waya kukatika na bila kunyamaza. Huendelea kusema, lakini yale vinayoyasema hupungukiwa na ukweli siku hata siku.

Miongoni mwa vyombo hivyo ni vigunduzi vya chembe vilivyoundwa kwa nusu-kipitishi, yaani mada kama silikoni, ambayo hupitisha umeme kuliko kioo lakini si kwa wepesi wa shaba. Vigunduzi hivyo ndivyo macho ya setilaiti nyingi na ya maabara kubwa za fizikia. Kazi yao ni kupokea mnururisho na kuupima. Na mnururisho huo huo ndio unaoviharibu. Jicho linaumizwa na kile kile lililowekwa likitazame.

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, yanaeleza jinsi uharibifu huo unavyotokea ndani ya fuwele na unavyojidhihirisha katika vipimo. Pili, yanaonyesha kwamba mahali ni kinga, na kwamba njia ya angani inayofuata ikweta, juu ya Tanganyika ya kaskazini hadi pwani ya Kenya, ni mojawapo ya njia salama zaidi kwa vyombo hivyo. Tatu, yanapendekeza namna ya kulisema jambo hili kwa Kiswahili bila kumpotosha mwanafunzi.

2. Kigunduzi kinavyofanya kazi

Katika fuwele ya silikoni, atomi zimepangwa kwa utaratibu usiobadilika, kila moja ikishikana na jirani zake nne. Kiasi kidogo cha atomi za kigeni, kwa mfano za fosforasi au boroni, huchanganywa kwa makusudi ili kuamua jinsi umeme utakavyopita. Upande mmoja wa kipande hupewa elektroni za ziada, na upande wa pili hupewa nafasi zilizokosa elektroni, ambazo wanafizikia huziita matundu. Volti inapowekwa kwa mwelekeo wa kinyume, elektroni na matundu huondolewa katikati, na eneo hilo hubaki tupu. Ukanda huo mtupu ndio kigunduzi chenyewe.

Chembe yenye chaji inapopenya ukanda huo, huzing'oa elektroni kutoka katika atomi zilizo njiani mwake. Kila elektroni iliyong'olewa huacha tundu nyuma yake. Katika silikoni, nishati ya takribani elektroni-volti 3.6 yatosha kuzalisha jozi moja ya elektroni na tundu. Chembe yenye mwendo wa kasi ikipita katika kipande chenye unene wa milimita 0.3 huacha jozi zipatazo 22,000 hivi. Volti huzisukuma elektroni upande mmoja na matundu upande wa pili, na msukumo huo mfupi wa chaji ndio ishara inayosomwa na mitambo.

Ishara hiyo ni ndogo mno, na husikika tu iwapo ukanda wenyewe umetulia. Hapa mfano wa ziwa unafaa. Wavuvi wa ndagala katika Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu wengi wao hupumzika, si kwa sababu taa zimepungua nguvu, bali kwa sababu mwanga uliotapakaa juu ya maji huifanya taa isitofautike, na samaki hawakusanyiki chini yake. Vivyo hivyo kigunduzi huhitaji giza lake, yaani ukanda usio na mkondo wowote isipokuwa ule ulioletwa na chembe inayopimwa. Sehemu kubwa ya uharibifu utakaoelezwa hapa chini ni kupotea kwa giza hilo.

3. Kelele na kovu

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Chembe inaweza kuleta ishara ya uongo ikapita zake, na kigunduzi kikabaki salama. Hiyo ni kelele. Inaweza pia kuacha badiliko la kudumu ndani ya fuwele, hata baada ya yenyewe kutoweka. Hilo ni kovu.

Mfano wa kelele unapatikana katika jambo linalowahusu sana wakazi wa mashariki mwa Kongo, nalo ni radi. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2015, setilaiti ya TRMM, iliyorushwa mwezi wa Novemba 1997, ilibeba chombo cha kuhesabu mimweko ya radi kutoka angani. Kigunduzi chake kilikuwa kipande cha nusu-kipitishi chenye pikseli 128 kwa 128, kikipiga picha takribani 500 kwa sekunde. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza duniani, kwa mimweko ipatayo 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Mahali pa pili palikuwa mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya magharibi ya milima inayoambaa na bonde la ufa, ambapo hesabu ilifikia takribani 205. Milima ya Mitumba inayouegemea mji wa Uvira ni sehemu ya ukuta huo.

Hesabu kama hiyo inaaminikaje? Protoni inapogonga pikseli, nayo huonekana kama mmweko. Setilaiti hiyo ilipopita juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambako chembe ni nyingi, kigunduzi kiliona mimweko ambayo haikuwahi kutokea. Wataalamu waliandaa programu za kuchuja: radi ya kweli hurudiarudia mwanga wake katika picha kadhaa zinazofuatana na mahali pale pale, ilhali chembe hugonga mara moja na kutoweka. Mashariki mwa Kongo iko mbali na kitovu cha eneo hilo la chembe, na kwa hiyo takwimu za radi zake hazikusumbuliwa kwa kiwango hicho.

Kelele, basi, huchujwa. Kovu halichujwi, kwa kuwa halimo katika habari iliyopokelewa, bali limo katika chombo chenyewe kinachopokea.

4. Jinsi kovu linavyopatikana

Chembe hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa kung'oa elektroni. Ndani ya fuwele ya silikoni, kitendo hicho hakiachi jeraha, kwa sababu elektroni nyingine huja kujaza pengo. Mara chache, hata hivyo, chembe hugonga kiini cha atomi. Ikiwa kiini hicho kitapokea nishati ya elektroni-volti zipatazo 25, atomi nzima huhamishwa kutoka mahali pake. Nyuma hubaki nafasi wazi. Na mahali pengine huwapo atomi iliyojipenyeza kati ya wenzake bila kuwa na makazi.

Nafasi wazi haitulii. Katika joto la kawaida hutembea ndani ya fuwele hadi ikutane na kitu cha kushikana nacho: atomi ya oksijeni, atomi ya fosforasi, au nafasi wazi nyingine. Muungano huo hudumu, na ndio kasoro ya fuwele kwa maana kamili. Atomi iliyogongwa kwa nguvu kubwa nayo huenda ikigonga nyingine, hivi kwamba kasoro nyingi hurundikana mahali pamoja. Nyutroni, ingawa haina chaji na haing'oi elektroni moja kwa moja, ni hodari sana wa kuleta marundo ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo wanafizikia wamekubaliana kupima madhara ya chembe za kila aina kwa kuyalinganisha na yale ya nyutroni zenye nishati ya elektroni-volti milioni moja.

Ipo njia ya pili ya kuumia, nayo haihusu fuwele bali ngozi yake. Vyombo vingi vya silikoni hufunikwa na tabaka jembamba la oksidi lisilopitisha umeme. Mnururisho ukizalisha jozi ndani ya tabaka hilo, elektroni hukimbia upesi, lakini matundu hunasa humo na kuacha chaji isiyotakiwa. Transista iliyo chini yake huanza kufunguka au kufungika wakati usiofaa. Tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia katika urefu wa kilomita zipatazo 400 juu ya Bahari ya Pasifiki. Siku iliyofuata ilirushwa setilaiti ya mawasiliano ya Telstar, ikajikuta ikipita katika wingu la elektroni lililoachwa na mlipuko huo. Transista zake za kupokea amri zilianza kushindwa mwezi wa Novemba, na baada ya kufufuliwa kwa muda, setilaiti hiyo ilinyamaza kabisa mwezi wa Februari 1963. Mabamba ya jua ya setilaiti nyingine za wakati huo nayo yalidhoofika. Bamba la jua ni ndugu wa kigunduzi, nalo limeundwa kwa silikoni ile ile.

5. Matokeo matatu

Kasoro za fuwele hujidhihirisha kwa njia tatu, na kila moja huhitaji kuelezwa peke yake.

La kwanza ni kuvuja. Kasoro huwa kama ngazi katikati ya ukuta: elektroni ambayo isingeweza kuruka kwa mara moja sasa hupanda kwa hatua mbili. Hivyo jozi huzaliwa zenyewe, bila chembe yoyote kupita, na mkondo hutiririka katika ukanda uliopaswa kuwa mtupu. Kipande ni kama mtumbwi uliolegea mbao: bado unaelea, lakini maji huingia bila kukoma na mwenye chombo hutumia nguvu zake kuyachota. Mkondo huo huongezeka kwa uwiano na idadi ya chembe zilizopita. Hutegemea pia joto. Kila nyuzi saba hivi zinapoongezeka, mkondo unaovuja huwa maradufu. Uhusiano huu ni wa kukumbukwa, maana tiba kuu inatokana nao.

La pili ni kubadilika kwa volti. Baadhi ya kasoro hubeba chaji, na kwa kufanya hivyo hupindua hesabu ya atomi za kigeni zilizochanganywa na mtengenezaji. Silikoni iliyoundwa kuwa na elektroni za ziada hupoteza ziada hiyo polepole, hufikia usawa, kisha hugeuka na kutenda kama silikoni ya aina ya pili. Volti inayohitajika ili kuutupua ukanda wote hupungua kwanza, halafu hupanda tena bila kukoma. Ikizidi uwezo wa mitambo, sehemu ya kipande hubaki bila kutupuliwa, na chembe zinazopita hapo hazionekani barabara.

La tatu ni mnaso. Elektroni inayosafiri kwenda kusomwa hunaswa na kasoro, kama samaki aingiaye katika mgono. Huachiliwa baadaye, lakini kwa kuchelewa, wakati hesabu imekwisha kufungwa. Kwa hiyo ishara hufika ikiwa imepunjwa. Katika vigunduzi vya picha, ambamo chaji hupitishwa kutoka pikseli hadi pikseli mpaka mlangoni, hasara hii huzidishwa. Ni kama ndoo ya maji inayopokezanwa na watu mia kutoka ziwani hadi nyumbani: kila mmoja akimwaga kidogo, anayepokea mwisho hupata nusu ndoo, na yule aliye karibu na mlango hupata ndoo karibu nzima. Kitu kile kile, kikitazamwa kwa pembe mbili za chombo kimoja, hutoa vipimo viwili tofauti.

Ni dhahiri sasa kwa nini neno "kuungua" halitoshi. Katika matokeo yote matatu chombo kingali hai. Anayesoma takwimu zake bila kujua umri wa makovu yake anaweza kudhani kwamba nyota imefifia, kumbe kilichofifia ni jicho.

6. Funzo la mwaka 1999

Kisa kinachotajwa zaidi kuhusu jambo hili ni cha darubini ya Chandra ya Marekani, iliyorushwa tarehe 23 Julai 1999 ili kutazama eksirei kutoka angani. Njia yake ilikuwa ndefu, ikianzia umbali wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka duniani na kufikia 140,000. Katika kila mzunguko ilipenya mikanda ya Van Allen, yaani maeneo ya chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia, yaliyogunduliwa mwaka 1958.

Waundaji walijua kuwapo kwa mikanda hiyo, na kamera kuu ilizungushiwa kinga dhidi ya protoni za nguvu. Hawakutarajia kwamba protoni dhaifu, zenye elektroni-volti laki moja au mbili, zingeakisiwa na vioo vya darubini yenyewe na kukusanywa juu ya kamera. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya eksirei uliwaingiza pia wezi. Kufikia mwezi wa Septemba mwaka huo, wataalamu waliona kwamba vipande vinane kati ya kumi vya kamera vilikuwa vikipoteza chaji njiani. Vipande viwili vilivyosalia havikuumia, kwa kuwa viliwekwa kifudifudi: njia ya kupitishia chaji ilikuwa upande wa nyuma, na protoni dhaifu hazikuwa na nguvu za kuifikia.

Dawa haikuwa ya kutengeneza kilichoharibika, maana chombo kilikuwa mbali na mkono wa fundi. Kamera ilianza kuondolewa mbele ya vioo kila darubini ilipokaribia mikanda, na joto lake likashushwa hadi nyuzi 120 chini ya sifuri. Uharibifu wa haraka ulikoma, ule uliopatikana ulidhibitiwa kwa hesabu, na darubini iliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Darubini ya Ulaya ya XMM-Newton, iliyorushwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, ilinufaika na funzo hilo kwa kufunga kifuniko chake ipitapo mahali pa hatari.

7. Kinga tatu: mahali, baridi na mada

7.1 Mahali

Katika kinga zote, ya kwanza ni kutokwenda mahali penye chembe. Sumaku ya dunia huzigeuza chembe nyingi zitokazo mbali angani, na uwezo wake wa kuzizuia ni mkubwa zaidi karibu na ikweta. Mikanda ya Van Allen, kwa upande wake, haishuki chini sana isipokuwa mahali pamoja: juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambako sumaku ya dunia ni dhaifu. Setilaiti inayozunguka katika urefu wa kilomita 500 au 600, ikifuata ikweta kwa karibu, huepuka chembe za angani na hugusa ukingo tu wa eneo hilo la Atlantiki.

Njia hiyo ina historia ndefu Afrika ya Mashariki. Italia, chini ya uongozi wa mhandisi Luigi Broglio, ilijenga jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini, karibu na Malindi, katika nyuzi zipatazo 3 kusini mwa ikweta. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwezi wa Aprili 1967 na ya mwisho mwezi wa Machi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani tu. Msimamizi wake wa Marekani, Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Yafaa kukumbushwa kwamba vigunduzi vya Uhuru vilikuwa vya gesi. Atomi za gesi hazina makazi ya kudumu. Zikisukumwa, nyingine hushika nafasi. Gesi haina kumbukumbu ya kupigwa, fuwele inayo. Kwa hiyo uteuzi wa njia ya ikweta, ambao kwa Uhuru ulihusu zaidi kupunguza kelele, ulikuja kuwa suala la umri wa chombo wakati nusu-kipitishi kilipochukua nafasi ya gesi.

Ushahidi upo. Setilaiti ya Italia ya AGILE, yenye vipande vya silikoni vya kufuatilia njia za chembe, ilirushwa kutoka India mwezi wa Aprili 2007 ikafuata njia iliyoinama nyuzi 2.5 tu kutoka ikweta. Ilikusudiwa kufanya kazi miaka miwili. Ilifanya karibu 17, hadi ilipoanguka mwezi wa Februari 2024. Darubini ya NuSTAR ya Marekani, ambayo vigunduzi vyake ni fuwele za kadimiamu, zinki na teluri, ilirushwa mwezi wa Juni 2012 katika njia iliyoinama nyuzi 6. Nayo iliandaliwa kwa miaka miwili, lakini ilikuwa bado ikifanya kazi baada ya miaka kumi. Zote mbili zilitegemea kituo cha Malindi kupokea habari zake. Si haki kusema kwamba mahali peke yake ndipo palipovipa vyombo hivyo umri huo, lakini bila mahali hapo makovu yangekuwa mengi zaidi.

Uvira iko nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, karibu sawa na Malindi, na umbali kati ya miji hiyo miwili ni kilomita zipatazo 1,230. Setilaiti ya namna hiyo, ikisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, hulivuka anga la Tanganyika ya kaskazini na kufika juu ya pwani ya Kenya baada ya dakika tatu hivi. Mvuvi wa Kalundu haioni wala haisikii. Hata hivyo anga lililo juu ya taa zake ni miongoni mwa maeneo ambayo fuwele za angani hupumzika.

7.2 Baridi

Kinga ya pili ni baridi. Kwa kuwa mkondo unaovuja huongezeka maradufu kwa kila nyuzi saba hivi, kushusha joto kwa nyuzi 35 huupunguza hadi takribani sehemu moja ya thelathini na mbili. Baridi huzuia pia nafasi wazi zisitembee.

Hapa pana utata unaopaswa kuelezwa kwa uangalifu. Joto, kwa kiasi fulani, huponya. Atomi zilizohama hupata nguvu ya kurejea, na baadhi ya kasoro huvunjika. Kamera za darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, zimekuwa zikipashwa joto mara kwa mara kwa makusudi hayo, na pikseli nyingi zilizokuwa zikivuja hutulia. Lakini katika silikoni iliyopigwa sana, uponaji huo wa mwanzo hufuatwa na hali ya kinyume: joto likiendelea kwa muda mrefu, kasoro mpya huundika na volti inayohitajika hupanda. Kwa hiyo vigunduzi vya maabara ya CERN, karibu na Geneva, hutunzwa katika baridi hata wakati mashine haifanyi kazi, na joto huruhusiwa kwa siku zilizohesabiwa tu.

7.3 Mada

Kinga ya tatu ni mada yenyewe. Katika mashine kuu ya CERN mahali hapachaguliki: kigunduzi hakina budi kukaa sentimita chache kutoka panapogonganishwa protoni. Vipande vya ndani kabisa viliundwa kustahimili chembe zipatazo milioni moja mara bilioni moja kwa kila sentimita ya mraba, na vile vya mashine iliyoboreshwa vinatarajiwa kustahimili hadi mara 20 zaidi. Katika miaka ya 1990, kundi la watafiti wa huko liligundua kwamba silikoni iliyoongezewa oksijeni hustahimili protoni vizuri zaidi, kwa sababu oksijeni huziwahi nafasi wazi kabla hazijaungana na kitu kibaya zaidi. Dhidi ya nyutroni, ambazo huleta marundo ya kasoro, faida hiyo ilikuwa ndogo. Kutoka hapo watafiti waliendelea na vipande vyembamba zaidi, ambamo elektroni ina safari fupi na hatari ndogo ya kunaswa. Hakuna mada isiyopata kovu. Ziko zinazolivumilia vizuri zaidi.

8. Suala la istilahi

Mwanafunzi wa Uvira hupokea maarifa haya kwa Kifaransa, na huyafikiria kwa Kiswahili anapotoka darasani. Kati ya lugha hizo mbili ndipo neno "imeungua" linapojipenyeza. Athari yake si ya mtindo wa kusema tu. Kilichoungua hutupwa, hakiwekwi katika baridi, hakipimwi, hakisahihishwi kwa hesabu. Neno huamua hatua itakayofuata.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kulieleza jambo hili. Istilahi za msingi, kama vile fuwele, chembe na mnururisho, zimekwisha kuzoeleka katika kamusi za sayansi zilizotungwa Tanzania. Kuhusu uharibifu wenyewe, makala haya yanapendekeza mpangilio ufuatao. "Kelele" iwe ishara ya uongo inayopita. "Kasoro" iwe badiliko katika mpango wa atomi, na "kovu" litumike katika maelezo ya kawaida kwa maana hiyo hiyo, kwa kuwa kovu hudumu baada ya kilicholisababisha kwisha. "Kuvuja", "mnaso" na "uponaji" yatumike kwa maana zilizoelezwa hapo juu. Uzuri wa maneno haya ni kwamba hayahitaji kufundishwa upya; mvuvi, fundi na muuguzi wanayo.

Lazima pia ionywe kwamba kila mfano una mpaka. Mtumbwi unaovuja huzama. Kigunduzi kinachovuja hakizami, bali hupoteza uwezo wa kutofautisha. Kovu la mwili ni dalili kwamba jeraha limepona; kovu la fuwele ndilo jeraha lenyewe. Neno "uponaji" ndilo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi, kwani humfanya msikilizaji adhani kwamba joto daima ni jema, ilhali imeonyeshwa kwamba likizidi huumiza. Mwalimu atumiaye mfano bila kutaja mpaka wake huondoa kosa moja na kupanda jingine.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mnururisho hauviunguzi vigunduzi vya nusu-kipitishi, bali huhamisha atomi zake na kuacha kasoro ambazo huvujisha mkondo, hubadili volti na kunasa chaji. Imeonyeshwa pia kwamba kinga zake ni tatu, yaani mahali, baridi na mada, na kwamba ya kwanza imeifanya njia ya ikweta, inayopita juu ya Uvira na Malindi, kuwa na thamani katika sayansi ya dunia nzima.

Takwimu za radi juu ya milima ya Kongo, kama takwimu nyingine nyingi zinazoletwa na setilaiti, zilipitia katika fuwele kabla ya kuwafikia wasomaji. Msomi wa Uvira anayezitumia hana uwezo wa kuitengeneza setilaiti. Anao uwezo wa kuuliza: kigunduzi hiki kina umri gani, kilipita wapi, kilitunzwa katika joto gani, na makovu yake yalihesabiwa vipi? Maswali hayo hayaulizwi juu ya kitu kilichoungua. Huulizwa juu ya shahidi aliye hai, ambaye macho yake yanazidi kufifia, na ambaye ushuhuda wake bado unahitajika.